Padre Cecil Majaliwa wa Chitangali

Wengi wetu tuendao kusini kuwazuru ndugu huishia Masasi mjini. Afadhali kufika hata Chitangali, upande wa Newala. Mtaa ni mdogo, lakini hapo ndipo alipofanya kazi Padre Cecil Majaliwa, padre wa kwanza Mwafrika wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA).

Alizaliwa Myao. Angali mtoto alitiwa utumwani, na baada ya kukombolewa alilelewa na misheni huko Unguja, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza, katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mwaka 1886 Askofu Charles Smythies alimpa daraja ya ushemasi, akatumwa Chitangali pamoja na mkewe Lucy.

Jambo hili si dogo. Alirudishwa kwa Wayao, watu wa kabila lake, na baadhi ya wakubwa wao walikuwa wangali wakiuza watumwa pwani. Mtu aliyekuwa mali ya watu sasa aliketi barazani kwa chifu Nakaam akieleza Injili. Hapakuwa na Mzungu wa kukaa naye. Alifundisha watu wazima, si watoto wa shule tu, na wakatekumeni wakaongezeka. Hata Nakaam mwenyewe alibatizwa.

Lakini shemasi hawezi kuadhimisha Misa. Ilibidi Wakristo wangoje padre afike kwa miguu kutoka mbali. Ndipo mwaka 1890 Majaliwa alipopewa upadre huko Mkunazini, katika Kanisa la Kristo lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Sijui kama tunalifikiri vya kutosha jambo hilo: mtoto wa utumwa kupiga magoti mahali pale, akainuka padre! Akarudi Chitangali, na watu wake wakapata Ekaristi mikononi mwa mtu wa kwao.

Alikaa huko miaka kama 11, kisha akarudi Unguja. Ilikwisha kuonekana kwamba Mwafrika aweza kusimamia mtaa. Hata hivyo walioendelea kuwekwa juu ni Wazungu, na tuseme kweli, hapo Kanisa lilichelewa mno. Katika nchi yetu, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuwekwa askofu alikuwa John Sepeku, ambaye mwaka 1965 alikuwa Askofu wa Dar es Salaam na mwaka 1970 Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania. Aliwekwa mwaka 1963, miaka 73 baada ya upadre wa Majaliwa.