Hans Peter Luhn

Hans Peter Luhn (Barmen, Ujerumani, 1 Julai 1896 – Armonk, New York, Marekani, 19 Agosti 1964) alikuwa mhandisi na mvumbuzi wa kampuni ya IBM. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa hashi, yaani namba fupi inayokokotolewa kutoka data ndefu ili data hiyo itambuliwe haraka.

Maisha

Alikuwa mtoto wa mchapaji. Alishiriki Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika jeshi la Ujerumani, kisha akaingia katika biashara ya nguo na kuhamia Marekani. Huko alibuni kifaa cha kuhesabu nyuzi za kitambaa, Lunometer. Alijiunga na IBM mwaka 1941 na kupata hataza zaidi ya 70.

Kazi

Januari 1953 aliandika waraka wa ndani wa IBM kuhusu namna ya kutafuta rekodi bila kupitia orodha nzima. Namba ya rekodi hukokotolewa, na jibu huonyesha kapu ambamo rekodi imewekwa. Rekodi mbili zinaweza kuangukia kapu moja, lakini hilo halikuharibu kitu: mashine ilibaki na vitu vichache tu vya kupekua.

Mwaka 1954 aliomba hataza ya kikokotoo cha mkononi cha kukagua namba, akaipata 1960. Kuanzia kulia, kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa 2. Jibu likizidi 9, tarakimu zake hujumlishwa. Jumla ya zote lazima igawanyike kwa 10. Kwa hiyo 18 ni sahihi (2 + 8), ila 81 si sahihi. Kanuni hiyo bado hukagua kadi za benki na namba za IMEI za simu. Hunasa makosa ya kuandika, si udanganyifu: yeyote anaweza kutunga namba inayokubalika.

Hashi na faili

Hashi za kriptografia zilikuja baada ya kifo chake. Nchini Marekani taasisi ya NIST hutunza hashi za faili za programu zinazojulikana, ili mpelelezi anayechunguza kompyuta aziweke kando na kuangalia zilizobaki. Hapa mgongano ambao Luhn aliuvumilia ni hatari, kwani faili ovu ikipewa hashi ya faili safi inaweza kupita bila kukaguliwa. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha data tofauti zenye hashi moja ya MD5, na sasa hutumika pia SHA-256.