Peter Cameron Scott: Mwimbaji Aliyezikwa Kabla ya Mavuno

Tunapomshukuru Mungu kwa jubilii ya kwaya yetu, tumeona vyema kumkumbuka mtu ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia tangu Shule ya Jumapili. Tunamjua kama mwanzilishi wa Africa Inland Mission, misheni iliyozaa kanisa la AIC. Wachache wanajua kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwimbaji.

Scott alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1867. Alipokuwa na miaka 12, jamaa yake ilihamia Philadelphia, Marekani. Mungu alimpa sauti nzuri, akafundishwa kuimba, na moyo wake ukavutwa na jukwaa la opera. Wazazi wake, watu wa maombi, hawakupenda njia hiyo. Inasimuliwa kwamba siku alipokwenda kuomba nafasi ya kuimba alisimama kwenye ngazi za ukumbi, akajiuliza kama angeitafutia sauti yake sifa za watu au angempa Mungu maisha yake. Akageuka, akarudi.

Tungetazamia kwamba baada ya uamuzi kama huo njia ingenyooka. Haikunyooka. Mwaka 1890 alitumwa Kongo. Ndugu yake John akamfuata, na ikawa furaha kubwa wawili kutumika pamoja. Miezi michache tu, John akafa kwa homa. Peter alitengeneza jeneza kwa mikono yake, akachimba kaburi na kumzika nduguye. Kisha afya yake mwenyewe ikavunjika, akarudi Uingereza mwaka 1892 akiwa dhaifu sana. Inasemekana kwamba akiwa London alipiga magoti penye kaburi la David Livingstone, na hapo akapata nguvu ya kuanza upya.

Mnamo Agosti 1895 aliondoka New York na wenzake, wote wakiwa wanane, dada yake Margaret akiwamo. Walifika Mombasa Oktoba. Reli ilikuwa haijaanza kujengwa, kwa hiyo walipanda bara kwa miguu pamoja na wapagazi, wakapita nyika kavu hadi Nzaui, mlima ambao wazee wetu waliuhesabu kuwa wa Machakos kabla ya Makueni kuwa wilaya yake. Hapo, Desemba 1895, walianzisha kituo cha kwanza. Katika mwaka mmoja vikafuata Sakai, Kilungu na Kangundo. Wazazi wake nao wakaja Ukambani kutumika. Baba na mama waliomzuia asiende jukwaani sasa walikuwa kando yake kazini. Huo ulikuwa mlima wake wa furaha.

Tarehe 4 Disemba 1896 Scott alifariki kwa homa kali ya malaria, akiwa na miaka 29. Alikuwa ameishi nchi hii muda wa miezi 14 hivi.

Baada yake hali ilizidi kuwa mbaya. Wamisionari wengine wakafa, wengine wakaondoka. Njaa kuu ambayo wazee waliita Yua ya Ngomanisye ikaipiga Ukambani, pamoja na ndui. Ilifika mahali akabaki mmisionari mmoja tu, William Bangert. Mtu aliyeitazama kazi hiyo mwaka 1899 angesema Scott alipoteza sauti yake, nduguye na uhai wake bure.

Lakini wengine walikuja, na hasa Wakamba wenyewe waliolipokea Neno wakalichukua kijiji hadi kijiji, wengi wao bila majina yao kuandikwa popote. Mwaka 1971 misheni ilikabidhi kazi na mali yake kwa kanisa la hapa nchini. Leo ukitoka Machakos kwenda Kangundo siku ya Jumapili utasikia kwaya karibu kila kilima.

Wapendwa, hili ndilo tunalojifunza. Scott hakushika imani kwa sababu mambo yalimwendea vizuri, wala hakuiacha yalipoharibika. Alimwamini Mungu alipochimba kaburi Kongo, akamwamini pia vituo vilipoongezeka. Hakuyaona mavuno. Katika kwaya hii tumefunga ndoa na tumezika. Tumewaona wenzetu wakifutwa kazi wiki hii na kuja mazoezini Jumamosi. Wapo waliotufundisha sauti ya tatu na ya nne ambao leo hawapo kusherehekea nasi. Hatujui ni nani atakayevuna tunachopanda, na hatuhitaji kujua ndipo tuimbe.

Basi tusimame mahali petu, walio juu mlimani na walio bondeni, tuimbe pamoja.