S. R. Ranganathan

Shiyali Ramamrita Ranganathan (12 Agosti 1892 – 27 Septemba 1972) alikuwa mwanahisabati na mkutubi kutoka Uhindi. Anahesabiwa kuwa baba wa elimu ya ukutubi nchini mwake, na mfumo wake wa kuainisha vitabu umeathiri taaluma ya habari katika nchi nyingi.

Maisha ya awali

Alizaliwa Shiyali, mji mdogo ulio leo katika jimbo la Tamil Nadu. Baba yake alifariki Ranganathan akiwa bado mtoto. Alikuwa na kigugumizi, shida kubwa kwa mtu anayetaka kusimama mbele ya darasa, lakini alijizoeza kidogo kidogo hadi kikapungua. Alisoma hisabati katika Madras Christian College mpaka shahada ya uzamili, kisha akasomea ualimu. Kuanzia 1917 alifundisha hisabati katika vyuo vya serikali huko Mangalore, Coimbatore na Madras (leo Chennai).

Kuingia maktabani

Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Madras kilitangaza nafasi ya mkutubi, maana vitabu vyake vilikuwa havina mpangilio mzuri. Waombaji walikuwa takriban 900, wala hakuna aliyekuwa amesomea kazi hiyo. Ranganathan mwenyewe aliijua kupitia makala moja tu ya kamusi elezo, aliyoisoma siku chache kabla ya usaili. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa amefanya utafiti wa hisabati.

Alianza Januari 1924, na baada ya wiki chache alitaka kuacha. Mwalimu aliyezoea wanafunzi alijikuta peke yake katikati ya vitabu ambavyo hakuna aliyekuja kuvisoma. Aliomba arudishwe darasani. Wakuu wa chuo walikubaliana naye kwamba kwanza aende Uingereza kujifunza ukutubi. Akirudi na bado haitaki kazi hiyo, nafasi yake ya ualimu ingekuwepo.

Katika University College London alifundishwa na W. C. Berwick Sayers. Alama zake hazikuwa za ajabu. Kilichombadilisha ni ziara zake katika maktaba nyingi za nchi hiyo, ambako aliona watu wa kila aina, hata watoto na vibarua, wakisoma. Alirudi Madras mwaka 1925 na hakuomba tena hisabati.

Mfumo wa nukta mbili

Mfumo wa Dewey, uliotumika sana wakati huo, unampa kila mtunzi wa katalogi orodha ya masomo yaliyokwisha kupangwa. Somo jipya likitokea, linakosa mahali. Katika duka la Selfridges, London, Ranganathan aliona Meccano, vipande vya kuchezea ambavyo mtoto huviunga kwa skrubu na kujenga anachotaka. Akaona namba ya kitabu nayo inaweza kuungwa vivyo hivyo. Kitabu kuhusu magonjwa ya mpunga Uhindi, kwa mfano, kina zao, tatizo na mahali. Kila sehemu ina alama yake, na hapo mwanzo alama hizo zilitenganishwa kwa nukta mbili (:). Mfumo huo ulichapishwa mwaka 1933. Baadaye alifikia pande tano za kila somo: kitu chenyewe, maada, tendo, mahali na wakati.

Maktaba nyingi za nje ya Uhindi hazikuutumia, kwani alama zake ni ndefu na ngumu. Wazo lake ndilo lililosafiri. Mtu anapotafuta viatu kwenye tovuti ya duka kwa kuchagua saizi, kisha rangi, kisha bei, anatumia njia ya aina hiyohiyo.

Kazi nyingine

Huko Madras aliwaruhusu wasomaji wafike wenyewe kwenye rafu, jambo lililowaogopesha wengi waliohofia wizi. Mwaka 1928 alishiriki kuanzisha Chama cha Maktaba cha Madras. Kitabu chake cha kanuni tano za ukutubi kilitoka 1931. Ndani yake anashikilia kwamba maktaba ipimwe kwa jinsi inavyotumiwa, na kwamba muda wa msomaji usipotezwe. Sheria ya maktaba za umma ya Madras ya 1948 ilitokana kwa sehemu kubwa na juhudi zake.

Baada ya kuondoka Madras alifanya kazi Banaras na Delhi, akaishi Zürich kwa muda, na mwaka 1962 akaanzisha kituo cha utafiti na mafunzo ya taaluma ya habari huko Bangalore. Akiba yake aliitoa ili Chuo Kikuu cha Madras kiwe na profesa wa ukutubi. Nafasi hiyo ina jina la mke wake, Sarada.

Alifariki Bangalore mwaka 1972. Nchini Uhindi tarehe 12 Agosti huadhimishwa kama Siku ya Wakutubi.