Taylor: alihesabu maisha ya kisu, akasahau ya mtu

Ndugu wafanyakazi, mama na watoto wa kwenye kambi, katika ateliye ya mgodi kuna mashini ya tuur, na mbele yake fundi anayekata chuma kwa kisu kidogo sawa kidole. Kisu kile kina historia, na historia yenyewe inagusa mshahara wetu. Leo tuseme juu ya Mmarekani Frederick Winslow Taylor. Watu wa sendika wakisikia jina lake wanakunja uso. Lakini tumjue vizuri, mema yake na mabaya yake.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 3, 1856, kule Philadelphia, kwa wazazi wenye mali. Alifaulu mtihani wa kuingia chuo cha Harvard, lakini macho yalimsumbua, njo akaenda kujifunza kazi ya mikono mwaka 1874. Mwaka 1878 aliingia kiwanda cha chuma cha Midvale, kwa kazi ya kawaida. Haikupita myaka mingi akawa kapita, kisha injeniere mukubwa.

Pale aliona wafanyakazi wanapunguza mwendo makusudi. Juu ya nini? Juu walijua kwamba wakitoa vipande vingi, bei ya kila kipande itashushwa. Taylor mwenyewe alikubali kwamba walikuwa na sababu. Hata hivyo alipigana nao karibu myaka 3, kwa kuwakata pesa na kuwafukuza.

Mwaka 1880 alianza kutafuta jibu moja: chuma kigumu kikatwe kwa mbio gani, na kisu kiingie ndani kiasi gani? Aliwaza kazi hiyo itachukua miezi 6. Ilichukua myaka 26. Majaribio yaliyoandikwa yalikuwa kati ya 30.000 na 50.000, na chuma iliyogeuka maganda ilifika karibu tani 360.

Alikuta kwamba adui wa kisu ni joto. Ganda la chuma linapotoka, linasugua juu ya kisu. Chuma kikiwa kigumu sana, joto linapanda upesi, makali yanalainika na kulika. Akamwaga maji mengi pale pa kukatia, mbio ikapanda kwa 40 juu ya 100. Kisha, kwenye kiwanda cha Bethlehem Steel, yeye na Maunsel White walichukua visu vya chuma chenye tangisteni na kromu, wakavichoma mpaka karibu na kuyeyuka. Mafundi wa zamani waliamini moto wa namna ile unaharibu kisu. Kumbe, unakitia nguvu. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, watu walishangaa kuona kisu chenye ncha nyekundu kwa moto, na bado kinakata.

Aliacha pia hesabu yenye inatumika mpaka leo. Ukiongeza mbio kidogo, maisha ya kisu hayapunguki kidogo: yanaanguka. Kwa visu vyake, kuongeza mbio sehemu 1 juu ya 10 kulikata maisha ya kisu karibu nusu.

Shida ilikuja alipochukua saa mkononi kumpima mtu sawa vile alivyopima mashini. Aliandika juu ya mbebaji mmoja wa Bethlehem: alitolewa kwenye tani 12 na nusu kwa siku mpaka tani 47. Mshahara ulipanda kutoka dola 1,15 mpaka 1,85. Kazi karibu mara 4, pesa hata mara 2 haikufika. Mwaka 1911, kwenye kiwanda cha silaha cha serikali kule Watertown, mfanyakazi mmoja alikataa kupimwa kwa saa, akafukuzwa. Wenzake wakaacha kazi. Bunge la Marekani likafanya uchunguzi, Taylor akaitwa kujieleza, na mwaka 1915 bunge likakataza saa ile katika viwanda vya silaha vya serikali. Taylor alikufa tarehe 21 mwezi wa 3 mwaka ule ule, akiwa na myaka 59.

Na sisi pia tuko ndani ya historia hii. Mwaka 1923 kule Berlin, Karl Schröter alipata njia ya kushikanisha unga mgumu wa tangisteni kwa kobalti, sawa saruji inavyoshika mchanga. Leo visu vingi vya kukata chuma kigumu, na hata meno ya mashini za kutoboa majiwe, vinatengenezwa vile. Na kobalti, zaidi ya nusu ya dunia nzima inatoka hapa kwetu, kwa jasho letu.

Basi, siku wakubwa watatuletea kipimo kipya cha kazi, tusikatae hesabu. Tuwaombe ile ya Taylor yote: mukiongeza mbio sehemu 1 juu ya 10, mtu atadumu myaka ngapi? Kisu kikiisha kinanolewa. Mgongo na mapafu ya baba wa watoto, hakuna mwenye kuvinoa.