Galileo na Kipimo cha Mwendo

Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Galileo Galilei, aliyezaliwa Pisa, nchi ya Italia, mwaka 1564. Kwani mwanafunzi yeyote asomaye leo mlango wa mwendo katika fizikia ni mwanafunzi wake, ajue asijue.

Baba yake, aliyekuwa mwanamuziki, alimtia chuoni ili awe tabibu. Lakini moyo wake ulielekea hesabu, akaondoka mwaka 1585 bila ya shahada. Mwaka 1589 akarudi chuo kile kile kuwa mwalimu wa hesabu, na kuanzia mwaka 1592 akafundisha Padua kwa muda wa miaka 18.

Zama zile vyuo vilifuata kauli ya Aristotle, ya kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Si kwamba hapakuwa na walioichunguza kauli hiyo. Abul-Barakat wa Baghdad, katika karne ya 12, alikwisha kutafuta sababu ya kitu kiangukacho kuzidi kasi yake. Lililokosekana ni kipimo.

Galileo alikitafuta. Kwa kuwa kiangukacho hupita upesi mno, alichukua ubao wa dhiraa 12, akauchonga mfereji laini, akauinamisha kidogo, kisha akateremsha tufe la shaba. Wakati aliupima kwa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni, akiyatia katika mizani, na jambo hilo akalirudia mara nyingi. Akaona kwamba tufe likienda kipande 1 katika muda wa kwanza, katika muda wa pili ulio sawa na huo huenda vipande 3, wa tatu 5, wa nne 7. Na jumla yake ni 1, 4, 9, 16. Maana yake, umbali hukua kwa mraba wa wakati, na kasi huongezeka sawasawa. Ama uzito, pasipo kizuizi cha hewa, haubadilishi kitu. Leo yajulikana kuwa kiangukacho karibu na ardhi huzidi kasi kwa mita 9.8 hivi kwa sekunde, katika kila sekunde.

Mwaka 1633 Kanisa la Roma lilimhukumu kwa kuunga mkono kauli ya kwamba dunia hulizunguka jua, akazuiliwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, naye ni mzee wa miaka 69. Humo kizuizini alizikusanya hesabu zake za mwendo, alizozianza zamani za ujana wake, akazitunga kitabu kilichopigwa chapa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Kilipotoka, macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka. Alifariki tarehe 8 Januari 1642.

Basi na tuzingatie. Kuwaheshimu waliotangulia hakutuondolei wajibu wa kupima tuliyoyarithi kwao. Nao vijana wetu wanaokariri kanuni za mwendo madarasani, na wachukue ubao na gololi, wajionee wenyewe.