Gene Roddenberry: jamaa aliyepeleka neno letu angani

Wadau, kuna washikaji hapa Temeke na kule Kinondoni wanasema Star Trek ni mambo ya wazungu, sisi hayatuhusu. Sikubali! Nimemaliza kuangalia upya sizoni mbili za mwanzo, na nasema huyu aliyeianzisha, Gene Roddenberry, lazima tumjadili. Neno letu limo mle ndani.

Jamaa alizaliwa El Paso, Texas, tarehe 19 Agosti 1921. Vita Kuu ya Pili alirusha ndege za mabomu kule Pasifiki. Baadaye akawa rubani wa Pan Am, na mwaka 1947 ndege aliyokuwemo ikaanguka jangwani Syria. Zaidi ya watu 10 walikufa. Yeye akapona na kusaidia kuwatoa abiria kwenye moto. Mwaka 1949 akajiunga na polisi Los Angeles, huku pembeni anaandika michezo ya TV. Mwaka 1956 akavua gwanda, akabaki na kalamu tu.

Star Trek haikupita kirahisi. Kituo cha NBC kilikataa sehemu ya majaribio ya kwanza, kikaagiza nyingine. Hatimaye ikaruka hewani tarehe 8 Septemba 1966. Kipindi hicho weusi wa Marekani bado wanapigania haki zao, yeye akamweka mwanamke mweusi, Nichelle Nichols, kama ofisa wa mawasiliano kwenye chombo cha karne ya 23. Jina lake? Uhura. Nichols mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili na kitabu kilichoitwa Uhuru, kinachohusu Kenya, na hapo ndipo jina likapatikana. Tanganyika ilikuwa na miaka mitano tu tangu bendera ipande!

Sasa tuje kwenye sehemu zenyewe. Ile ya kwanza kabisa kurushwa, The Man Trap, ina zimwi linalofyonza chumvi ya mwili wa mtu mpaka afe. Linajigeuza sura ya mtu unayemtamani. Kwa Uhura linakuja kama kijana mtanashati, na linamtongoza kwa Kiswahili! Lafudhi ni ya Kimarekani kabisa, Mswahili atacheka. Ila wazo ni zuri sana: dada yuko mbali na kwao, anayejua lugha yake ndiye anayemnasa. Aliyekaa ughaibuni analielewa hilo.

Ya pili ni The Changeling ya mwaka 1967. Mtambo uitwao Nomad unamfutia Uhura kumbukumbu zote, inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Akikwama kwenye Kiingereza, Kiswahili kinamtoka. Safi. Lakini hapa namlaumu Roddenberry na wenzake: mtu amepoteza maisha yake yote, halafu stori inasonga kama vile kapoteza miwani. Anarudishwa shule, tunaambiwa ataendelea vizuri, basi, yamekwisha. Mama yake je? Kwao je? Hakuna anayeuliza.

Na ndiyo kasoro kubwa ya tamthilia nzima. Uhura amepewa cheo, lakini sehemu nyingi kazi yake ni kupokea simu za angani na kumwambia kapteni laini ziko wazi. Nichols alitaka kuacha baada ya sizoni ya kwanza. Martin Luther King ndiye aliyemshawishi abaki.

Hata kwenye pesa jamaa hakuwa malaika. Aliuandikia maneno muziki wa Star Trek, maneno ambayo hayakuwahi kuimbwa kwenye kipindi, akachukua nusu ya malipo ya mtunzi Alexander Courage. Mtu anahubiri dunia isiyo na tamaa, kumbe mfukoni mambo mengine!

Kipindi kilifutwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79. Alirudi na kingine mwaka 1987, akafariki tarehe 24 Oktoba 1991. Sisi Bara tulianza kuwa na vituo vyetu vya TV mwaka 1994, keshaondoka. Mwaka 1992 sehemu ya majivu yake ilisafirishwa na chombo cha Columbia, ikazunguka huko juu.

Msimamo wangu: alitufungulia mlango, ila akatuweka mapokezi. Kuingia ndani ni kazi yetu sisi wenye lugha. Mwandishi wa Mbagala akitunga chombo chake cha anga leo, kapteni aongee Kiswahili, na asiulizwe kwa nini.

Haya wadau, mnasemaje?