Mama Albertina Sisulu, Mwuguzi na Mlezi

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamelisikia jina la Nelson Mandela, na baadhi wamelisikia jina la Walter Sisulu, rafiki yake aliyefungwa pamoja naye. Mke wa Sisulu hatajwi sana. Naona si haki, maana mama huyu aliuguza wagonjwa kwa zaidi ya miaka arobaini, akalea watoto wake na wa ndugu zake, na tena aliitendea nchi yetu wema mkubwa, nao nitaueleza mbele.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba, 1918, katika wilaya ya Tsomo, Transkei, Afrika ya Kusini. Wazazi wake walimwita Nontsikelelo. Jina la Albertina alilipata katika shule ya misheni. Baba yake alikuwa akiondoka nyumbani miezi mingi kwenda kufanya kazi migodini, akafa kwa ugonjwa wa mapafu Albertina akiwa bado msichana mdogo. Sisi tunaokaa kati ya Mwadui, Kahama na Geita hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Vumbi la mwamba likiingia kifuani halitoki, na mjane na watoto ndio wanaobaki na deni lake.

Mama yake naye alikuwa mgonjwa mara kwa mara, kwa hiyo Albertina aliacha shule mara mbili ili awatunze wadogo zake. Kwa sababu hiyo alichelewa kumaliza masomo. Aliposhinda katika mashindano ya kupata msaada wa ada alinyimwa zawadi, ikisemwa kwamba amepita umri. Mapadre wa Katoliki waliposikia jambo hilo wakamtafutia nafasi katika shule ya bweni ya Mariazell, huko Matatiele, mwaka wa 1936. Wakati wa likizo wenzake walipokwenda kwao, yeye alibaki akilima na kufua nguo ili alipe gharama zake. (Wale wanaonung'unika bwenini zamu ya usafi ikifika wangefaa kulifikiri neno hili.)

Alitaka kuwa mtawa. Lakini alishauriwa kwamba watawa hawapokei mshahara, nao wadogo zake walikuwa wakimtegemea. Basi akachagua uuguzi, akaweka nia asiolewe kamwe, ili kila shilingi iende nyumbani. Mwaka wa 1940 akaingia hospitali kuu ya Johannesburg kujifunza kazi.

Huko ndiko alikoona kwa macho yake ubaguzi ulivyo. Siku moja ilitokea ajali kubwa, majeruhi Waafrika wakaletwa wengi hata wakalazwa sakafuni, na upande wa Wazungu vitanda vitupu vilikuwapo. Manesi waliomba wagonjwa wahamishiwe huko, wakakataliwa. Tena mama yake alipofariki mwaka wa 1941 hakupewa ruhusa ya kwenda kumzika.

Nia yake ya kutoolewa haikudumu. Alikutana na Walter Sisulu, wakaoana mwaka wa 1944, na msimamizi wa bwana arusi alikuwa Mandela. Walijaliwa watoto watano: Max, Mlungisi, Zwelakhe, Lindiwe na Nonkululeko. Mumewe alipoacha kazi za mshahara ili atumikie chama cha ANC, mshahara wa nesi ndio ulioilisha nyumba yote. Mwaka wa 1954 akahitimu ukunga. Alikwenda kwa miguu nyumba hata nyumba katika mitaa ya Soweto kuzalisha, sanduku la vifaa likiwa kichwani, kama vile akina mama wa kwetu wanavyobeba ndoo. Tarehe 9 Agosti, 1956, alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana mjini Pretoria kukataa pasi.

Sasa nirudi kwenye wema niliouahidi. Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, manesi wengi wa Kiingereza walirudi kwao, na wodi zetu zikapungukiwa watu. Serikali yetu ikaomba msaada kwa ANC, nacho chama hicho kilikuwa kimekwisha pigwa marufuku kwao. Mama Sisulu akawa mmoja wa waliowatafuta manesi wa kuja huku. Wakapatikana ishirini. Walitoroshwa kwa siri kupitia Bechuanaland, ambayo sasa ni Botswana, wakijua kwamba huenda wasirudi tena kuwaona wazazi wao. Hivyo wapo wazee wa nchi hii waliohudumiwa na mikono iliyochaguliwa na mama huyu, wala hawakumjua.

Mwaka wa 1963 maaskari walipokuwa wakimtafuta mumewe, walimkamata yeye. Alifungiwa peke yake chumbani karibu miezi miwili bila kushtakiwa, na waliomhoji wakamletea habari za kutisha kuhusu watoto wake ili avunjike moyo. Hakusema neno. Max pia alitiwa ndani, naye alikuwa na miaka kumi na saba, yaani umri wangu mimi niandikaye. Baadaye alikimbilia ng'ambo, akakaa huko karibu miaka thelathini. Mwaka wa 1964 Walter alihukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa kisiwa cha Robben.

Tangu hapo mama alibaki na watoto, na amri za serikali zilizomkataza mikutano, na kwa miaka kumi zilimlazimu kukaa ndani usiku. Mchana aliuguza, jioni alifuma na kushona nguo za kuuza, ili watoto wapate ada ya shule katika nchi ya Swaziland, maana hakutaka wasome elimu duni waliyowekewa Waafrika. Watoto nao walifungwa kwa zamu: Lindiwe mwaka wa 1976, Zwelakhe mwaka wa 1986.

Baada ya kustaafu alifanya kazi kwa Daktari Abu Asvat, aliyetibu maskini wa Soweto. Tarehe 27 Januari, 1989, vijana wawili waliojifanya wagonjwa walimpiga daktari risasi, mama akiwa mle mle. Alikuwa na miaka sabini, na bado alikuwa kazini.

Mumewe aliachiliwa Oktoba ya mwaka huo, baada ya miaka ishirini na mitano. Mwaka wa 1994 mama akaingia Bungeni, na tarehe 9 Mei yeye ndiye aliyesimama kulitaja jina la Mandela ili achaguliwe kuwa Rais. Walter alifariki mwaka wa 2003. Mama Sisulu alifariki nyumbani kwake Johannesburg tarehe 2 Juni, 2011, akiwa na miaka 92, akazikwa kando ya mumewe.